Chumba cha giza, dirisha la jua: mwongozo kamili wa kupiga na kuunganisha picha za HDR

Ingia saa saba mchana kwenye chumba cha ghorofani katika nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, Unguja. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Chumba ni kirefu na chembamba, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Dirisha ni moja, na ng'ambo ya uchochoro kuna ukuta mweupe unaopigwa na jua. Macho yako yanaona vyote: nakshi za kitanda, boriti za juu, hata nguo zilizoanikwa kwa jirani. Kamera haiwezi. Ukiipimia kitanda, dirisha linaungua na kubaki karatasi nyeupe. Ukiipimia dirisha, chumba kizima kinazama gizani.

HDR (kifupi cha High Dynamic Range, yaani upana mkubwa wa mwanga) ni njia ya kulimaliza tatizo hilo: unapiga picha kadhaa za mahali pale pale kwa viwango tofauti vya mwangaza, kisha unaziunganisha ziwe picha moja yenye habari zote, za gizani na za juani. Wazo lenyewe ni la zamani. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alitumia negativu mbili, moja ya bahari na nyingine ya mbingu, akazichapa pamoja kwa kuwa kemikali za enzi zake hazikuweza kushika zote mbili kwa mpigo. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik walionyesha namna ya kukokotoa mwanga halisi wa mandhari kutoka kwenye picha kadhaa za kawaida, na programu nyingi za leo zimejengwa juu ya msingi huo.

Mwongozo huu unafuata chumba hicho kimoja toka mwanzo hadi mwisho. Ukikiweza, msikiti wa kale, ukumbi wa harusi au jiko la hoteli havitakusumbua. Na niseme mapema: HDR mbaya tunazozikuta mitandaoni, za kuta zinazong'aa kama plastiki na mawingu ya rangi ya masizi, hazikuharibiwa na programu. Ziliharibiwa na mpigaji ambaye hakuamua giza kiasi gani libaki. Uamuzi huo unafanywa ukiwa bado chumbani.

Kabla ya yote, je, inahitajika?

Mara nyingi haihitajiki. Jua likishazama, mwanga wa nje unashuka hadi kukaribiana na wa ndani, na picha moja ya RAW (faili ghafi yenye habari zote za kamera) inatosha. Tatizo ni kwamba huku kwetu karibu na ikweta jioni ni fupi. Baada ya jua kuzama una kama dakika 20 hivi za mwanga mzuri wa buluu, basi. Kama una vyumba sita vya kupiga na mteja anataka dirisha lionyeshe jua, utahitaji HDR.

Mtu anayetembea, watoto wanaocheza na mashua yenye tanga si kazi ya HDR ya kuunganisha. Piga RAW moja, linda sehemu zenye mwanga mkali, kisha uinue vivuli baadaye.

Vifaa

Kamera yoyote inayokuruhusu kupanga mwangaza mwenyewe inafaa. Kinachosaidia zaidi ni breketi, yaani uwezo wa kamera kupiga mfululizo wa picha za viwango tofauti yenyewe. Kwenye menyu hutokea kama AEB au BKT. Kamera nyingi ndogo za Canon, kama EOS 2000D, hutoa picha tatu kwa tofauti ya hadi stopu 2 (stopu moja ni mwanga mara mbili, au nusu yake). Nikon D3500 haina breketi kabisa, lakini hilo lisikuvunje moyo, maana kwa kazi hii mimi napendelea kubadilisha kasi ya shata kwa mkono.

Tripodi ni lazima. Iwe nzito, au tundika begi chini yake. Lenzi pana inasaidia, mm 10–18 kwa kamera yenye sensa (kile kinachonasa mwanga) ndogo au 16–35 kwa sensa kubwa, ingawa hata ile ya 18–55 inayokuja na kamera inafanya kazi ukirudi nyuma hadi mlangoni. Beba pia kitambaa kikavu. Ukitoka kwenye gari au chumba chenye kiyoyozi na kuingia kwenye joto la pwani, lenzi inashika ukungu papo hapo. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa kabla ya kuitoa, ipate kuzoea.

Kuhusu simu: simu za leo huunganisha picha kadhaa kila unapobonyeza, bila kukuuliza. Kwa matumizi ya kawaida zinatosha. Hapa tunazungumzia kazi ambayo uamuzi uwe wako.

Kuandaa chumba

Ukiangalia picha iliyounganishwa vibaya, karibu kila doa la ajabu limetokana na kitu kilichosogea kati ya picha ya kwanza na ya mwisho. Zima pangaboi na usubiri lisimame kabisa. Funga pazia kwa kamba. Chandarua ndicho kikorofi kuliko vyote: upepo mdogo tu wa dirishani unakipeperusha, na picha ya sekunde nzima inakigeuza moshi. Kikusanye, kizungushe na ukifunge juu ya kitanda kama wanavyofanya watandikaji wa hoteli. Hata kwa picha kinapendeza zaidi hivyo.

Taa nazo ziamulie. Umeme wetu ni wa hezi 50, na balbu nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kwa kasi ya 1/250 kamera inaweza kunasa michirizi ya giza na mwanga. Zaidi ya hapo, balbu ya manjano ndani na anga la buluu nje vitagombana rangi. Mimi huzima zote. Mteja akitaka taa zionekane, piga mfululizo wa pili taa zikiwa zinawaka na uamue mezani.

Weka kamera kwenye kimo cha kifua, mita 1.2 hivi, na uhakikishe iko sawa kabisa, haikuinama wala kuinuka. Ikiinama, nguzo za kitanda na miimo ya mlango zitaanza kuangukiana.

Kupima: hapa ndipo kazi ilipo

Panga kamera hivi: RAW, ISO 100, modi ya M (ya kupanga mwenyewe), tundu la lenzi f/8. Tundu lisibadilike kati ya picha na picha, maana likibadilika, kina cha fokasi kinabadilika nalo na picha hazitalingana. Mizani ya weupe iweke kwenye jua au kivuli, isiwe ya kujipangia. Fokasi iweke kwenye ukingo wa kitanda, kisha hamishia kwenye MF (fokasi ya mkono) ili kamera isiitafute upya. Kama lenzi ina kizuia mtikisiko, kizime kamera ikiwa juu ya tripodi.

Zima pia vile visaidizi vya ndani vya kurekebisha vivuli, Active D-Lighting kwa Nikon au Auto Lighting Optimizer kwa Canon. Histogramu ya kwenye skrini (grafu ya mwangaza, giza kushoto na mwanga kulia) inatokana na JPEG ndogo ya kuonyeshea, na visaidizi hivyo vinaigusa JPEG hiyo. Ukiviacha, utakuwa unasoma kipimo kilichokwisha kupakwa poda.

Sasa chagua upimaji wa doa (spot), unaopima sehemu ndogo tu ya fremu. Elekeza doa kwenye sehemu yenye mwanga mkali kuliko zote unayotaka ionekane, yaani ule ukuta mweupe wa jirani. Tuseme kamera inasema 1/1000. Usiichukue namba hiyo hivi hivi. Kipimo cha kamera hudhani kila kitu ni cha kijivu, kwa hiyo 1/1000 itakupa ukuta wa kijivu. Ukuta ni mweupe, basi uongezee stopu 2. Stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili, kwa hiyo stopu 2 zinatutoa 1/1000 hadi 1/250. Hiyo ndiyo picha yako ya giza kuliko zote.

Geukia kona ya giza, chini ya kitanda au nyuma ya kabati. Kamera inasema sekunde 4. Hapa tena inataka kuifanya kona hiyo kijivu, ing'ae kama sehemu nyingine za chumba. Lakini ni kona ya gizani! Iache iwe na giza lake, ila nakshi za mbao zionekane. Punguza stopu 2: kutoka sekunde 4 tunafika sekunde 1. Hiyo ni picha yako yenye mwanga kuliko zote.

Sasa una miisho miwili, 1/250 na sekunde 1. Kati yake kuna stopu 8. Ukienda kwa hatua ya stopu 2, mfululizo wako ni huu:

1/250, 1/60, 1/15, 1/4, sekunde 1.

Picha tano. Si tatu kwa sababu kila mtu hupiga tatu, wala si tisa kwa sababu kamera inaweza. Ni tano kwa kuwa chumba hiki, saa hii, kinataka tano. Dirisha likiwa upande wa kivuli, pengine tatu zinatosha. Hatua ya stopu 1 haina faida kubwa kwa RAW, inakujazia kadi tu. Ukilazimika kupiga JPEG, basi tumia hatua hiyo ya stopu 1, maana JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, wakati RAW ya biti 14 ina 16,384.

Wapo watakaouliza kwa nini tusipige RAW moja, ikiwa sensa nzuri inashika stopu 12 na zaidi. Inashika, lakini zile za chini kabisa zimejaa chembechembe. Jaribu kuinua kivuli kwa stopu 5 kutoka picha ya 1/250 na uitazame boriti kwa ukubwa kamili: utaona mchanga wa rangi badala ya mbao.

Kupiga

Kwanza piga picha ya kiganja chako. Kila kundi la picha lianze na kiganja, kwa sababu ukirudi nyumbani na faili 60 zinazofanana, hutajua chumba kipi kinaishia wapi.

Tumia rimoti au kipima muda cha sekunde 2. Katika kamera nyingi, breketi ikiunganishwa na kipima muda hupiga mfululizo mzima kwa mbonyezo mmoja. Kama kamera yako ina breketi ya picha tatu tu, panga katikati iwe 1/60 na upate 1/250, 1/60 na 1/15. Kisha hamishia katikati kwenye 1/4 upate 1/15, 1/4 na sekunde 1. Ile ya 1/15 itajirudia, ifute.

Bila breketi, zungusha gurudumu la shata kwa kidole, taratibu. Kamera nyingi zimepangwa kwa theluthi za stopu, kwa hiyo mibofyo 6 ni stopu 2. Unahesabu sita, unaondoa mkono, unasubiri sekunde kadhaa tripodi itulie, unapiga. Kama sakafu ni ya mbao, mwambie mwenye nyumba asitembee nyuma yako. Katika picha ya sekunde nzima, hatua zake zinafika hadi kwenye lenzi.

Kabla hujaondoka, kagua histogramu mbili tu. Ya picha ya giza: upande wa kulia usigonge ukuta. Ya picha ya mwanga: upande wa kushoto usigonge ukuta. Ikigonga popote, ongeza picha moja upande huo.

Kuunganisha kwenye Lightroom

Kwa Lightroom Classic, programu ya kulipia ya Adobe, kazi ni fupi. Ingiza picha, chagua zote tano, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, nenda Photo Merge, kisha HDR. Njia ya mkato ni Ctrl+H. Weka tiki kwenye Auto Align hata kama ulitumia tripodi. Auto Settings iondoe, maana inainua vivuli kupita kiasi na kukuanzishia mahali pabaya.

Deghost (kuondoa vivuli vya vitu vilivyosogea) iache kwenye None kwanza. Tazama chandarua, pazia na majani ya mti nje ya dirisha. Ukiona vivuli pacha, panda hadi Low, na ikibidi Medium. Washa ule mfuniko mwekundu unaoonyesha sehemu zilizoguswa. Programu inachukua sehemu hizo kutoka kwenye picha moja peke yake, kwa hiyo ukienda High bila sababu unapoteza faida ya kuunganisha na chembechembe zinarudi.

Matokeo ni faili ya DNG (aina ya RAW ya Adobe) yenye jina linaloishia na -HDR. Inaonekana ya kawaida tu, pengine hata imepauka. Usishtuke. Kitelezi cha Exposure, ambacho kwa RAW ya kawaida huishia 5, sasa kinakwenda hadi 10 juu na chini. Mwanga wote umo humo ndani.

Kurekebisha bila kuua kivuli

Mpangilio ninaoufuata ni huu. Anza na rangi: chukua kidoti cha mizani ya weupe, bofya ukuta wa chokaa ulio mbali na dirisha, kisha sogeza kidogo kuelekea manjano. Chokaa ya kale si nyeupe ya hospitali.

Halafu Exposure, hadi kitanda kionekane unavyotaka, bila kujali dirisha. Ukimaliza, teremsha Highlights, mara nyingi hadi karibu na mwisho, mpaka ukuta wa jirani urudi. Shadows ipandishe, lakini isivuke nusu ya njia. Ukitamani kuivusha, ondoka mezani ukanywe chai, urudi. Jicho linazoea mwanga wa skrini haraka sana na kudanganyika. Kisha shusha Blacks kidogo, ili chini ya kitanda pawe na weusi wa kweli. Bila weusi popote, picha inaelea.

Kipimo changu ni kimoja: dirisha liendelee kuwa sehemu yenye mwanga kuliko zote ndani ya fremu, kwa stopu moja au moja na nusu juu ya chumba. Likilingana na chumba, mtazamaji hata asiyejua lolote kuhusu kamera atahisi kuna uongo, ataona kama bango limebandikwa ukutani.

Clarity na Dehaze ziwe kidogo mno. Ndizo zinazoleta ile sura ya masizi, hasa kwenye kuta zenye mabaka ya chokaa, ambako kila doa la unyevu linageuka jeraha. Ukitaka kuonyesha nakshi za kitanda, tumia brashi ya maski uongeze Texture pale penye nakshi tu. Mwisho, washa marekebisho ya lenzi na ya mipaka ya rangi, maana pembezoni mwa nondo za dirisha huwa kuna uzi wa zambarau.

Njia isiyo na gharama

Asiyelipia Lightroom ana njia nzuri pia. Fungua RAW zote tano kwenye darktable au RawTherapee, programu za bure za kusafisha RAW, zipe mizani moja ya weupe na marekebisho yale yale ya lenzi, usiguse mwangaza, kisha zitoe kama TIFF za biti 16, zenye majina p1.tif hadi p5.tif. Sakinisha Hugin, programu ya bure ya panorama. Ndani yake mna zana mbili tunazozitaka. Fungua dirisha la amri kwenye folda yenye TIFF hizo na uandike:

align_image_stack -m -a sawa_ p1.tif p2.tif p3.tif p4.tif p5.tif

Amri hiyo inazipanga picha zilingane pikseli kwa pikseli na kukupa faili zinazoanzia sawa_0000.tif hadi sawa_0004.tif. Kisha:

enfuse -o chumba.tif sawa_0000.tif sawa_0001.tif sawa_0002.tif sawa_0003.tif sawa_0004.tif

Enfuse haitengenezi faili ya HDR yenyewe. Inachagua kutoka kila picha sehemu iliyopata mwanga mzuri, na kuzichanganya taratibu. Kwa picha za ndani ya nyumba mara nyingi naipenda kuliko programu za kulipia, kwa sababu haina vitelezi vya kukushawishi. Udhaifu wake ni kwamba picha hutoka tulivu mno, yenye kontrasti ndogo. Ifungue kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, na uipe mkunjo mdogo wa Curves.

Dirisha likikataa

Kuna nyakati kila programu inashindwa: dirisha linabaki na pete ya mwanga kuzunguka fremu, au nondo zinayeyuka. Hapo fanya kwa mkono. Katika GIMP, bonyeza Ctrl+Alt+O ufungue picha mbili kama matabaka: chumba kilichounganishwa chini, na TIFF ya 1/250 iliyopangwa na Hugin juu. Lipe tabaka la juu maski nyeusi (maski huficha penye weusi na kuonyesha penye weupe), nalo litatoweka. Chora umbo la dirisha kwa zana ya Paths, ligeuze kuwa eneo lililochaguliwa, lainisha ukingo kwa pikseli 2 au 3, kisha paka rangi nyeupe kwenye maski. Ukuta wa jirani unatokea. Kama umekolea, punguza uzito wa tabaka hadi asilimia 70 au 80.

Kwa nini 1/250 na si 1/60? Kwa sababu ukuta mweupe tuliupimia 1/250; kwa 1/60 ungepata stopu 2 zaidi na kuungua. 

Kutoa faili

Kwa tovuti za kuweka oda za vyumba, toa JPEG ya sRGB (mpangilio wa rangi wa kawaida wa skrini), upande mrefu pikseli 2048 au kadiri tovuti inavyotaka, ubora 80 hadi 85. Lightroom ina pia kitufe kiitwacho HDR kwenye sehemu ya kurekebisha. Hicho ni cha kitu kingine: kinatayarisha picha kwa skrini maalumu zinazoweza kung'aa zaidi ya kawaida. Kiache kimezimwa, kwani mgeni anayetafuta chumba kwenye kompyuta ya ofisini anaweza kuiona picha tofauti kabisa na unavyoiona wewe.

Tunza DNG iliyounganishwa pamoja na RAW ya kwanza, ya kati na ya mwisho. Nyingine unaweza kuzifuta mteja akishalipa.